Siri ya usalama wa taifa ni ipi hasa?

Hapa Lamu, ukiuliza barazani kwa nini shambulio fulani lilifaulu, hakosi mtu wa kukunyamazisha: "Wacha, hiyo ni siri ya usalama wa taifa." Siku hizi husemwa hata juu ya doria iliyochelewa, na mara nyingi msemaji si askari wala ofisa, ni jirani tu.

Siri ya usalama wa taifa ni habari ambayo adui akiipata atapata uwezo wa kutudhuru ambao leo hana. Basi. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Kenya ya 2016 kinataja mikakati ya kijeshi, operesheni za kificho, uwezo wa jeshi na lilivyopangwa, kazi za ujasusi na mengine ya aina hiyo.

Kushindwa hakukutajwa. Na kusingetajwa, kwa sababu aliyetushinda alikuwepo. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walivamia kambi ya Manda Bay hapa Lamu, inayotumiwa na jeshi letu na la Marekani, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege. Walijua wamepita wapi na wamewakuta walinzi katika hali gani, na picha za moto walizisambaza wenyewe. Asiyejua kitu alikuwa mvuvi wa Ndau na mkulima wa Hindi, yaani wanaolala karibu na kambi. Sasa hapo anafichwa nani?

Machi 2022 Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilitoa matokeo ya uchunguzi wake: uongozi ulipwaya, mafunzo hayakutosha, na watu walikuwa wamebweteka. Maneno makali juu ya jeshi lao wenyewe, lakini hayakumpa mtu ramani ya kambi. Sisi, baada ya Al-Shabaab kuvamia kambi ya jeshi letu ya El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, serikali yetu haikutoa hesabu kamili ya wanajeshi waliouawa. Pengo likajazwa na video ya Al-Shabaab, kisha na Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, aliyesema kwenye televisheni kuwa walikuwa kama 180 au 200. Mzazi wa Kenya akapata hesabu ya wanawe kwa adui na kwa jirani.

Sisemi kila kitu kitangazwe siku hiyo hiyo. Jina la marehemu lisitajwe kabla ya watu wake kuambiwa. Na tundu la ua ambalo halijazibwa ni siri kweli kweli. Anayelitangaza anaalika wageni. Lakini tundu likishazibwa, siri imekwisha, na kilichobaki ni swali la nani aliliacha wazi. Hapo ndipo ninapokosana na wenzangu wa barazani: kwao siri haizeeki, na kasoro ya miaka kumi iliyopita inalindwa kama mpango wa kesho.

Wanasahau pia Katiba. Ibara ya 238 inaeleza usalama wa taifa kuwa ni kulinda mipaka na uhuru wa nchi, na pia watu wake, haki zao na mali zao, tena chini ya mamlaka ya Katiba yenyewe na Bunge. Ibara ya 240 inalitaka Baraza la Usalama wa Taifa lipeleke ripoti Bungeni kila mwaka. Mtu wa Mpeketoni anayeuliza kwa nini msaada ulichelewa usiku ule wa Juni 2014 mji wake uliposhambuliwa anauliza juu ya usalama wa taifa wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kama uchunguzi haujaisha, semeni haujaisha. Kama mkubwa hataki kujibu, semeni hataki. Kwa sheria ile ya 2016, anayeombwa habari kwa maandishi ana siku 21 za kujibu, na akikataa sharti ataje sababu. Akisema ni siri, aeleze adui atapata nini ambacho hakuwa nacho jana.