Kudhibiti si kutokomeza: maana ya udhibiti wa kibiolojia

Wiki iliyopita, kwenye mafunzo ya wakulima, mtoa mada alisema: "Udhibiti wa kibiolojia ni kutokomeza waharibifu bila kutumia kemikali." Akatolea mfano maji ya mwarobaini. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akaiandika sentensi nzima daftarini. Nimeshaisikia redioni, nimeisikia kwa maafisa ugani wenzangu, na sasa imeingia kwenye daftari la mtu atakayekwenda kuifanyia kazi shambani.

Udhibiti wa kibiolojia ni kutumia kiumbe hai, aliye adui wa kiumbe sumbufu, ili kupunguza idadi yake. Anaweza kuwa nyigu, mbawakavu, kuvu, hata kirusi. Mwarobaini uliotwangwa na kuchujwa hauzaliani wala haumfuati mdudu alikojificha. Mvua ikinyesha umekwisha. Hiyo ni dawa ya mimea. Ni nzuri na mimi naitumia, lakini ni dawa.

Kosa linaloniuma zaidi ni hilo neno kutokomeza.

Dhibiti tumelipata kwa Waarabu, kwenye shina lenye maana ya kushika barabara. Shina hilo hilo ndilo lililotupa dhabiti na madhubuti. (Thabiti ni la shina jingine, ingawa watu huyachanganya kila siku.) Ukimdhibiti ng'ombe mkorofi, umemshika kamba: ng'ombe bado yupo, na mkono wako bado uko kwenye kamba. Tokomea ni kupotea moja kwa moja, usionekane tena. Ndui imetokomezwa. Sotoka ya ng'ombe imetokomezwa, ikatangazwa mwaka 2011. Kwa magonjwa hayo hakuna tena kamba ya kushika.

Mtu mmoja alizifanya kazi zote mbili, naye ni Frank Fenner, mwanasayansi wa Australia. Mei 1980 ndiye aliyeutangazia Mkutano Mkuu wa Afya Duniani kwamba ndui imekwisha. Miaka thelathini kabla ya hapo alikuwa akichunguza kirusi kilichoachiliwa kwa sungura wa nchi yake, na sungura hao wapo mpaka leo.

Hapa niseme kidogo kuhusu sungura. Kiswahili kinawaita jina moja wanyama wawili. Yule mjanja wa hadithi zetu, wa porini, hachimbi mashimo. Aliyeivamia Australia ni huyu tunayemfuga bandani, asili yake Ulaya, mchimbaji wa mashimo anayezaa mara nyingi kwa mwaka. Mwaka 1859 tajiri mmoja, Thomas Austin, aliwaachia wachache katika shamba lake la Barwon Park, jimbo la Victoria, ili apate wa kuwinda. Walitapakaa karibu bara zima. Wakamaliza malisho ya kondoo, wakatafuna miche hadi miti ya asili ikakosa warithi, udongo ukabaki wazi kwa upepo. Australia Magharibi ikajenga uzio uliokamilika mwaka 1907, wa zaidi ya kilomita 3,000 ukijumlisha matawi yake yote. Sungura wakapita.

Mwaka 1950 kikaachiliwa kirusi cha miksoma, kutoka Amerika Kusini, ambako sungura wa huko hupata uvimbe mdogo tu wa ngozi. Kwa sungura wa Ulaya ni balaa: kope huvimba mpaka macho yanafumba, usaha unatoka, masikio yanakuwa mazito, na mnyama hufa ndani ya wiki mbili hivi. Mbu ndiye aliyekisambaza kwenye bonde la mto Murray. Kirusi hakizaliani ndani yake. Hukibeba mdomoni kama sindano chafu. Mwanzoni kiliua zaidi ya 99% ya walioambukizwa.

Kisha kikapoa. Kirusi kikali mno kilimuua sungura upesi, mbu wakapata siku chache tu za kumuuma. Kilicho laini kidogo kilimwacha hai kwa wiki kadhaa, vidonda wazi, na mbu wengi wakaondoka nacho. Kwa hiyo kilichoenea ni kile laini. Huku nako, sungura waliopona walizaa watoto wenye kinga ya kurithi. Fenner na wenzake waliyapima yote mawili, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1995 kirusi kingine, cha homa ya kutoka damu, kilitoroka kwenye majaribio katika kisiwa cha Wardang kabla ya muda uliopangwa, na mwaka 2017 ikaongezwa aina yake kutoka Korea. Kamba inalegea, wanaikaza.

Hawajashindwa. Sungura wamebaki wachache kuliko walivyokuwa kabla ya 1950, na kuna mahali miche ya asili imeota tena. Lakini aliyeahidiwa kutokomeza akiona sungura mmoja atasema amedanganywa. Nimeyasikia hayo kwa wavuvi wa Ziwa Victoria kuhusu mbawakavu walioachiliwa kula magugumaji miaka ya 1990: "Mbona magugu bado yapo?" Yapo kwa sababu mbawakavu huishi kwa kuyala: magugu yakipungua, nao hukosa chakula na kupungua, hivyo hawawezi kuyamaliza yote.

Mafunzo yalipokwisha nilimfuata yule mama, nikamwomba daftari kwa heshima. Tulifuta "kutokomeza" tukaandika "kupunguza na kuendelea kuangalia". Mwarobaini tukauhamishia ukurasa wa dawa. Mtoa mada naye alisimama pembeni akisoma, akasema wiki ijayo atarekebisha.