Legehar, pale njia mbili zinapotumia reli moja

Ukitaka kujua treni za mjini Addis Ababa zinaweza kupita mara ngapi kwa saa, usianzie kwenye karakana wala kwenye ratiba. Anzia Legehar. Kituo hiki kimeinuliwa juu ya nguzo za zege, ndani ya kipande ambacho njia zote mbili za reli nyepesi, ya mashariki–magharibi na ya kaskazini–kusini, hupita kwenye reli zilezile kati ya vituo vya Stadium na Lideta. Kipande chenyewe hakifiki kilomita 3, katika mtandao wa zaidi ya kilomita 30.

Hesabu ni nyepesi. Kila njia ikipitisha treni moja kwa dakika 6, hapa lazima ipite moja kila dakika 3. Treni ya Ayat, mwisho wa njia upande wa mashariki, ikichelewa kufunga milango, ya Kality, mwisho wa upande wa kusini, iliyo nyuma yake inangoja, na kero ya upande mmoja wa jiji inahamia upande wa pili. Sisi wapangaji wa usafiri tunaijua hasara hiyo na bado tunaikubali, kwa sababu daraja moja ni nafuu kuliko mawili, tena abiria hubadili njia bila kuhama jukwaa. Mimi ningekubali pia. Na kusema kweli, kipande hiki hakijabanwa sawasawa: treni zilizonunuliwa kwa ajili ya mfumo huu uliofunguliwa 2015 zilikuwa 41, na nyingi ziliishia kuegeshwa kwa kukosa vipuri.

Mtaa wenyewe ulizaliwa na reli nyingine. Njia ya zamani ya kutoka Djibouti ilifika Addis Ababa 1917, na stesheni yake bado ipo. Mbele yake amesimama Simba wa Yuda, sanamu ambayo Waitaliano waliipeleka Roma wakati wa uvamizi, ikarudishwa miaka ya 1960. Treni za Djibouti hazifiki tena hapa. Treni za abiria za reli mpya iliyozinduliwa 2016 zinaanzia stesheni ya Furi-Lebu, pembezoni mwa jiji. Msafiri wa mbali analazimika kutafuta basi au teksi ili aifikie, jambo ambalo kwangu ni kasoro kubwa kuliko msongamano wowote wa juu darajani.

Kwa watembea kwa miguu, hata hivyo, daraja limefanya hisani. Kwingineko reli inapita katikati ya barabara, na uzio wake umezitenga pande mbili za mtaa mmoja. Kuvuka ni mpaka ufike penye kivuko. Legehar unapita tu chini ya nguzo. Gharama inalipwa na magoti ya anayepanda ngazi, hasa wazee na wenye mizigo.

Mwaka 2018 ulizinduliwa mradi wa kampuni ya Eagle Hills wa kujenga upya hekta 36 za eneo hili. Nikiangalia ramani za miradi ya namna hii, maghorofa huwa siyatazami kwanza. Natafuta mlango wa kituo uko wapi, na kama mtu anayetoka nyumbani ataufikia bila kuvuka barabara ya magari.