Je, wajua kwa nini maharage hula mkaa mwingi Mwanza kuliko Dar es Salaam?

Mgeni kutoka Dar es Salaam akipika maharage kwa mara ya kwanza Igoma au Buhongwa, kinachofuata huwa ni lawama. Ataanza na muuza nafaka, kwamba kamuuzia maharage ya mwaka juzi. Kisha atahamia kwa muuza mkaa, kwamba mkaa wake ni wa miti laini, unaisha kabla haujakolea. Pengine wote wawili wana hatia. Ila hata wangekuwa waaminifu kama malaika, sufuria yake ingechelewa tu, kwa sababu Mwanza iko juu, na kwenye mwinuko maji huchemka yakiwa na joto pungufu.

Wengi hatulifikirii hili. Ukisimama Mwaloni pale Kirumba, ukaona mitumbwi na dagaa walioanikwa, unajiona uko pwani kabisa. Kumbe uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zilizopanda mawe ya Mabatini na Bugando ziko juu zaidi ya hapo. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu yako hupungua na uzito wake hupungua pia. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushindana na mgandamizo wa hewa. Hewa ikikandamiza kidogo, mvuke hausubiri joto kubwa. Ufukweni mwa bahari maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Mwanza ni karibu 96. Mbeya, iliyo kwenye mita kama 1,700, ni karibu 94, kwa hiyo wenzetu wa huko wana kilio kuliko sisi.

Nyuzi 4 zinaonekana si kitu. Lakini maharage hayalainiki kwa sababu maji yanatokota. Yanalainika kwa sababu ya joto, na ulainikaji huo ni kemia. Kanuni ya makadirio wanayotumia wanakemia inasema joto likishuka nyuzi 10, mabadiliko mengi ya namna hii hupungua kasi hadi karibu nusu. Kwa nyuzi 4 kasi inapungua kama robo. Maana yake ni kwamba maharage ambayo Dar yangeiva kwa saa moja na nusu, hapa yatataka karibu saa mbili, na hiyo nusu saa inalipwa kwa mkaa.

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mpishi akiona maharage yamegoma, anaongeza mkaa na kupepea. Sufuria inatokota kwa fujo, mfuniko unarukaruka, na kila mtu anaamini kazi inaendelea. Lakini maji yakishachemka hayapandi joto tena. Ukiweka moto mdogo wa kuyafanya yatokote taratibu, ni nyuzi 96. Ukiweka moto wa kuyeyusha chuma, ni nyuzi 96 zile zile. Moto wa ziada wote unaishia kugeuza maji kuwa mvuke.

Na kutengeneza mvuke ni ghali. Kupasha lita moja ya maji kutoka joto la kawaida la mtungini hadi yachemke kunahitaji nishati ya kilojuli 300 hivi. Kuigeuza lita hiyo hiyo yote kuwa mvuke kunahitaji zaidi ya kilojuli 2,200, yaani mara saba na zaidi. Kilo moja ya mkaa mzuri ina kama kilojuli 30,000, ila jiko la kawaida la bati hufikisha kwenye sufuria robo tu ya hizo, au pungufu. Zilizobaki zinapasha ua na miguu ya mpishi. Piga hesabu: kila lita ya maji iliyopotea kwa mvuke imekula karibu theluthi ya kilo ya mkaa. Halafu unaongeza maji mengine ya baridi, na kuyapasha upya. Ukijikuta umeongeza maji mara mbili tatu kwenye maharage ya familia, ujue sehemu kubwa ya kisado cha mkaa imekwenda angani.

Kwa hiyo kinachookoa mkaa kuliko vyote ni mfuniko unaokaa vizuri, ukisaidiwa na mpishi asiye na papara. Maji yakichemka, punguza makaa, funga mlango wa jiko libaki na upenyo kidogo, funika. Mapovu machache yanayopanda polepole yanatosha. Mfuniko uliopinda au sinia lisiloziba pembeni halisaidii sana, na kufunuafunua kila baada ya dakika chache kunamwaga mvuke ambao tayari umeshaulipia.

Halafu kuna upepo. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko ziwa, hewa yake inapanda, na ile ya ziwani inakuja kuziba nafasi. Ndiyo ule upepo wa alasiri unaofanya watu wa Capri Point wajione wako likizo. Kwa jiko la nje, ni hasara ya pande mbili: unapuliza makaa yaungue haraka kuliko inavyohitajika, na unapoza ubavu wa sufuria. Geuzia mlango wa jiko upande usio na upepo, au liweke nyuma ya ukuta au jiwe, na mawe hapa Mwanza hatuna uhaba nayo. Ila usiliingize chumbani ukafunga madirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu usingizini.

Tukirudi kwenye maharage yenyewe: kuloweka. Kila mtu anajua, wachache wanafanya. Maharage makavu hunywa maji karibu sawa na uzito wake. Usipoloweka, yanayanywa yakiwa jikoni, na muda huo wote unaulipia kwa mkaa. Yaloweke usiku, asubuhi mwaga maji, suuza, injika. Yale maji yakimwagwa huondoka na sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi. Siku za joto usiyaache yakapitiliza, yataanza kuchacha.

Wanaosema chumvi inayafanya maharage yawe magumu wanaibebesha lawama bure. Chumvi kidogo kwenye maji ya kuloweka husaidia ganda lilainike. Mkosaji hasa ni nyanya, ndimu na ukwaju: uchachu huimarisha ile gundi ya asili inayoshikanisha chembe za maharage. Nyanya zinaingia wakati wa kuunga, maharage yakiwa yameshaiva. Magadi hufanya kinyume, yanaivunja gundi hiyo haraka, lakini yakizidi yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Mimi naona wapishi wengi wanayatumia kwa wingi kuliko inavyotakiwa. Aliyeloweka vizuri hana haja nayo.

Kuna jambo moja ambalo mwinuko wetu unafidiwa. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana chokaa kidogo, na chokaa ni adui mwingine wa maharage. Anayepikia maji ya bomba yanayotoka ziwani yuko vizuri kuliko anayepikia maji ya kisima kizito. Kipimo chake ni sabuni: maji yanayokataa kutoa povu yatachelewesha na maharage.

Na yule muuza nafaka aliyelaumiwa mwanzoni? Inawezekana mgeni alikuwa sahihi. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hubadilika ndani, yakafikia hali ambayo hata ukiyachemsha mchana kutwa yanabaki na kiini kigumu. Mara nyingi ndiyo yanayouzwa kwa bei ya kutupa. Bei ya sokoni ni nusu ya hesabu, nusu nyingine iko jikoni. Maharage mapya ya Kagera au Kigoma yaliyozidi bei kidogo yanaweza kukutoka nafuu kuliko ya rahisi yanayokumalizia mkaa. Dalili za ya zamani ni rangi iliyofifia au kugeuka kahawia, na ganda lililokunjamana. Ukiwa na shaka, nunua nusu kilo kwanza.

Ukitaka kubana zaidi, kuna kikapu. Chukua kikapu kikubwa au boksi, jaza pamba, matambara au majani makavu ya migomba, acha shimo la kutosha sufuria, na ushone mto wa kufunikia juu. Kwa Usukuma, ambako pamba ndiyo zao la biashara, godoro kuukuu la pamba si kitu cha kukitafuta mbali. Maharage yaliyolowekwa yachemshe jikoni kwa nusu saa, kisha epua sufuria ikiwa bado inatokota, itumbukize kikapuni bila kufunua, funika, nenda kazini. Joto halina pa kutokea, linaendelea kupika bila mkaa. Sufuria iwe imejaa karibu juu, maana chakula kidogo hupoa haraka. Ile nusu saa ya kuchemsha usiiruke: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko, na yakipikwa kwa joto la chini tu huleta kutapika na kuharisha. Ukirudi jioni, yachemshe tena kabla ya kuunga.

Makaa yaliyobaki usiyazime kwa maji. Yatie kwenye kopo la bati lenye mfuniko, yakose hewa, yatazima yakiwa makavu na kesho yatawaka vizuri.

Anayetaka kuishinda Mwanza yenyewe anunue sufuria ya presha. Kazi yake ni kurudisha mgandamizo ambao mwinuko umetunyang'anya, na kuuzidisha: ndani maji hupita nyuzi 110 bila kuchemka, na maharage yaliyolowekwa yanaiva ndani ya nusu saa au pungufu. Ile ya umeme huivisha kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja ya LUKU, kwa kuwa inazuia mvuke na joto visitoroke. Bei yake ya kununulia inauma, ndiyo maana majirani wengine huchangishana. Kwa maharage na makande usiijaze kupita nusu, kwa sababu povu lake hupanda na kuziba tundu la kutolea mvuke.