Filamu na dijitali: ukali wa picha unapotelea wapi?

Nyumba nyingi za Mtwara na Lindi bado zina bahasha za negativu za milimita 35 ndani ya kabati: harusi, Idi, wanafunzi waliopangwa mbele ya darasa. Wenye nazo huambiwa ama kwamba filamu haina kikomo cha ukali, ama kwamba simu ya leo imeipita kwa kila kitu. Kauli zote mbili zina kasoro, na ya pili imefanya negativu nyingi zitupwe.

"Filamu haina pikseli, kwa hiyo ukali wake hauna mwisho"

Ni kweli haina pikseli, vile vitone vinavyounda picha ya dijitali. Ina chembe za fedha, na katika filamu ya rangi hubaki mawingu madogo ya rangi pale fedha ilipokuwa. Chembe hizo zina ukubwa wake, na hapo ndipo kikomo kilipo. Watengenezaji hukipima kwa kuhesabu mistari inayotenganishika ndani ya milimita 1. Fujifilm walitoa vipimo viwili vya filamu yao ya Velvia 50: mistari 160 kama weupe unauzidi weusi kwa mwanga mara 1000, na mistari 80 tu kama unauzidi mara 1.6. Wanaoisifu filamu hutaja 160 na kuishia hapo.

Sasa weka kinyago cha Kimakonde mbele ya kamera. Mpingo ni mweusi, alama za patasi ni nyeusi juu ya weusi, na tofauti ya mwanga kati ya kunjo moja na jingine ni ndogo mno. Hapo unafanya kazi na ile 80 au chini yake. Ile 160 inahitaji kitu kama kamba ya mlingoti dhidi ya jua linalozama. Ndiyo maana kwa kinyago, kusogeza taa ipige kutoka ubavuni huongeza ukali unaoonekana kuliko kubadili kamera.

Hesabu yake si ngumu. Kila mstari pamoja na nafasi yake unahitaji angalau pikseli 2. Fremu ina milimita 36 kwa 24, kwa hiyo mistari 80 inadai pikseli 5,760 kwa 3,840, karibu megapikseli 22, yaani pikseli milioni 22. Hiyo ni filamu nzuri sana, lenzi nzuri na kamera iliyotulia kwenye stendi. Mkono ukitikisika, au filamu ikiwa ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa kupokea mwanga), mara nyingi unabaki na mistari 40 hivi, na mahitaji yanashuka hadi megapikseli 5.5. Filamu pana ya 120 ni habari nyingine: fremu ya milimita 56 kwa 56 ina eneo mara 3.6 la ile ya 35.

"Megapikseli zikiongezeka maradufu, ukali nao maradufu"

Ili mistari iongezeke maradufu, megapikseli lazima ziwe mara 4. Kutoka 12 hadi 24 unapata mara 1.4 tu. Simu zinazotangazwa kuwa na megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha pikseli 4 kuwa 1 na kukupa picha ya 12.5. Tena katika kamera nyingi kila pikseli huona rangi moja: nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu, mpangilio uliopewa hataza ya Bryce Bayer wa Kodak mwaka 1976. Rangi nyingine hukadiriwa. Ndiyo sababu nyuzi za shuka lenye mistari myembamba huzua mawimbi ya rangi ambayo hayapo kwenye nguo. Pamoja na hayo, kamera ya megapikseli 24 yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga) cha milimita 36 kwa 24, ikiwa kwenye ISO 100, hulingana na filamu nyingi za 35 au kuzishinda, kwa sababu haina chembe za kuufunika mstari hafifu.

"Funga tundu hadi f/22, kila kitu kitakuwa kikali"

Wanaopiga kuta za matumbawe za Msikiti Mkuu, Kilwa Kisiwani, hufanya hivi mara kwa mara. Namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi huwa dogo, na mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika. Kikomo cha kinadharia kwa mwanga wa kijani ni mistari 227 hivi kwa milimita kwenye f/8, na 83 tu kwenye f/22. Tumia f/8.

"Picha ya karatasi ipo, negativu ya nini?"

Hii ndiyo yenye hasara kubwa. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa vitone 300 kwa inchi hutoa takribani megapikseli 2, na kupandisha juu ya 600 kwa kawaida hukuongezea umbile la karatasi tu. Karatasi pia hukata kingo za fremu na kufuta weupe wa kanzu uliopo kwenye negativu.

Skana ya bapa iliyoandikwa vitone 6400 kwa inchi mara nyingi haifiki hata nusu yake. Skani kwa 6400, punguza nakala hadi 2400, ikuze tena, kisha linganisha. Zikifanana, ulikuwa unajaza diski bure.

Njia bora ni kuinakili negativu kwa kamera yenye lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Kihisi cha 36 kwa 24 chenye megapikseli 24 kikijaza fremu nzima ni sawa na vitone 4,233 kwa inchi. Kioo cheupe cha simu ndicho taa yako: weka negativu juu ya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, sentimita 3 juu ya kioo hicho, la sivyo pikseli za simu zitaingia kwenye picha. Laza kioo cha kujitazamia mahali pa negativu: lenzi ikijiona katikati, kamera iko sambamba. Puliza vumbi, lenga kwenye chembe zenyewe, f/8, ISO 100, na utumie kihesabu sekunde ili usiiguse kamera.

Unyevu wa pwani huleta kuvu, na kuvu hula jelatini iliyoshika picha. Usiioshe negativu yenye kuvu kwa maji: jelatini iliyoliwa huyeyuka na picha hutoka nayo. Inakili kwanza kama ilivyo, kisha ifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyonyonya unyevu.