Je, wajua bendi ya bluegrass hupataje mdundo bila ngoma?

Bluegrass ni muziki wa nyuzi uliopata sura yake kusini mwa Marekani miaka ya 1940, kupitia bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, Blue Grass Boys. Unakwenda mbio kweli kweli, lakini jukwaani huoni ngoma: kuna mandolini (ala ndogo ya nyuzi mfano wa gita), fidla, banjo ya nyuzi 5, besi ya kusimama na gita kavu.

Siri ni kwamba kazi ya ngoma imegawanywa. Hesabu moja-mbili-tatu-nne. Besi inashika 1 na 3. Mandolini inakata 2 na 4 kwa mlio mfupi uliozibwa, kama fimbo inayogusa ngoma ndogo. Gita la ridhimu linashika yote manne: noti ya besi kwenye 1 na 3, kisha nyuzi nyembamba kwa pamoja kwenye 2 na 4. Dum-cha, dum-cha. Likiyumba, besi na mandolini haziwezi kuliokoa.

Ugumu wote wa gita hilo uko mkono wa kulia. Uzi wa 6 ni ule mnene kabisa, wa 1 ni mwembamba. Freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gita. Kwenye kodi ya G (kodi ya muziki, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, si ya mapato) "dum" ya kwanza ni uzi wa 6 freti ya 3, na ya pili ni uzi wa 4 ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa. Kwenye C ni uzi wa 5 freti ya 3, kisha uzi wa 6 freti ya 3. Kwenye D ni uzi wa 4 wazi, kisha wa 5 wazi. Piki, yaani kibao kidogo cha kupigia nyuzi, ikishapiga noti ya besi iache itue juu ya uzi unaofuata badala ya kuiinua hewani. Hapo ndipo noti hupata unene. "Cha" inafagia nyuzi 3 za chini tu, yaani 3, 2 na 1, tena kwa wepesi.

Wanaoanza hukosea hapo hapo. Wanafagia nyuzi zote 6 kwa nguvu, noti ya besi inazama, na gita linagombana na mandolini kwenye 2 na 4. Piki nayo inasafiri mbali, inachelewa, mpigaji anakaza kiwiko ili awahi, na baada ya beti mbili mkono umekufa ganzi. Mapigo 240 kwa dakika ni kawaida katika muziki huu, maana yake mkono unashuka mara 4 kila sekunde. Kwa mkono uliokakamaa, hufiki mwisho wa wimbo.

Dawa yake ni metronomu ya simu, programu inayolia kwa mapigo sawa, lakini itegeshe kwa namna ya pekee: mlio uwe kwenye "cha", si kwenye "dum". Ukiiweka 50, unapiga mapigo 100 kwa dakika. Inakera siku za kwanza, kwa sababu hakuna wa kukuonyesha 1 iko wapi, nawe inabidi uibebe mwenyewe. Panda kidogo kidogo, na kiwiko kikianza kukaza, shuka.

Kodi ya G nayo ina umbo lake. Kidole cha kati kinabonyeza uzi wa 6 freti ya 3, na nyama yake inaugusa uzi wa 5 ili usilie. Kidole cha pete kiko uzi wa 2 na kidogo uzi wa 1, vyote freti ya 3. Uzi wa 5 unazibwa kwa sababu noti ya B ikilia chini namna ile inatia tope kwenye kodi.

Mtego unakuja ukitaka kutembea kutoka G kwenda C. Noti za besi za gita zinapita G, A, B, C: uzi wa 6 freti ya 3, uzi wa 5 wazi, uzi wa 5 freti ya 2, uzi wa 5 freti ya 3. Kidole cha kati kisipoondoka mapema, A inatoka "tup" kama umegonga ubao.

Kidole hicho hicho huharibu pia kile kipande maarufu cha kufungia mstari wa wimbo, kinachohusishwa zaidi na Lester Flatt, mpiga gita wa Monroe katika miaka hiyo. Noti zake ni uzi wa 6 freti ya 3, uzi wa 5 wazi kisha freti ya 2, uzi wa 4 wazi kisha freti ya 2, halafu uzi wa 3 wazi. Wengi huteleza kupitia freti ya 1 kabla ya kufika ya 2 kwenye uzi wa 5, ili ipate ladha ya bluzi. Flatt mwenyewe alivaa piki ya dole gumba na ya kidole. Piki bapa ndiyo wengi wanayotumia leo. Tafuta nene, milimita 1 hadi 1.5, maana nyembamba inapinda na besi inatoka dhaifu.

Mwimbaji akitaka sauti ya juu zaidi, usibadilishe maumbo. Funga kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye shingo ya gita, freti ya 2 upate A, au ya 4 upate B, huku vidole vikibaki kwenye G, C na D, kwa kuwa nyuzi wazi ndizo zinazobeba besi na kile kipande cha kufungia. Ibane karibu kabisa na chuma cha freti, kisha kagua tuni upya: kapo inayobana sana huvuta nyuzi zikapanda, na fidla iliyo karibu nawe itakuumbua mara moja.