Muhogo Huvumilia Ukame, Mbegu Yake Haivumilii

Tangu enzi za ukoloni, wakulima wa Tanzania wamehimizwa, na wakati mwingine wamelazimishwa kwa sheria ndogo, kulima muhogo kama kinga ya njaa. Ushauri huo ulikuwa na msingi, kwa kuwa udongo unapokauka muhogo hupukutisha sehemu ya majani yake, hupunguza kasi ya kukua na kusubiri mvua irudi, jambo ambalo mahindi yanayotoa mbelewele hayaliwezi. Hata hivyo, katika kazi yangu ya ushauri wa kilimo mkoani Kigoma, kuanzia mwambao wa Uvinza hadi miinuko ya Kasulu na Buhigwe, nimeona kwamba sifa hiyo inatufanya tuutazame mmea na kusahau vinavyouzunguka. Mabadiliko ya tabianchi humuumiza mkulima mdogo zaidi kupitia mbegu, magonjwa na usindikaji.

Mvua za Kigoma kwa kawaida huanza kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, zikaisha Aprili au Mei. Mkulima aliyekata mashina akitegemea mvua ya kwanza, kisha mvua ikanyesha siku chache na kukatika, hubaki na pingili zilizokauka au zilizochipua na kufa shambani. Muhogo uliokwisha kushika ndio unaovumilia. Ule mchanga, katika miezi mitatu hivi ya mwanzo ambamo mizizi ya kuhifadhi wanga huanza kujengeka, unahitaji unyevu kama zao lingine lolote. Mwenye shamba dogo hana akiba ya pingili za kurudishia mapengo, hivyo huomba kwa jirani au kwa ndugu wa kijiji kingine, na hapo ndipo ugonjwa hupata njia.

Ugonjwa ninaouhofia zaidi ni michirizi ya kahawia. Ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 huko Amani, Tanga, na kwa miongo mingi ulihesabika kuwa tatizo la ukanda wa pwani, lakini kuanzia miaka ya 2000 umeenea hadi kwenye miinuko ya Maziwa Makuu. Inzi weupe wanaoueneza huzaliana haraka joto linapoongezeka, ingawa sipendi kulibebesha joto lawama yote: virusi vyake havidumu muda mrefu kwa inzi, kwa hiyo safari za mbali, za kutoka wilaya hadi wilaya, hufanywa na pingili zinazobebwa na watu. Mwaka wa uhaba wa mbegu ndio mwaka wa safari hizo.

Ugonjwa huu hushambulia pia ghala la mkulima. Faida kubwa ya muhogo ni kwamba unaweza kuachwa ardhini na kuchimbwa kidogo kidogo, lakini kwenye shamba lililoambukizwa uozo mkavu wa kahawia huzidi kadiri mizizi inavyokaa, mara nyingi bila dalili kubwa kwenye majani. Wakulima huamua kuvuna mapema, mizizi ikiwa bado midogo, na akiba ya kiangazi hutoweka. Mvua nyingi kupita kiasi, kama zile za msimu wa El Niño wa 2023/24, nazo huozesha mizizi kwenye ardhi isiyopitisha maji vizuri.

Kuhusu udaga, yaani muhogo mchungu uliolowekwa ili kupunguza sumu kisha ukakaushwa, kuna jambo ambalo halizungumzwi inavyostahili. Muhogo mchungu uliokumbwa na ukame huwa na viambata vingi zaidi vya sumu ya sayanaidi, na ukame huohuo hukausha vijito vya kulowekea. Familia yenye njaa na maji haba hushawishika kufupisha siku za kuloweka, wakati sumu imeongezeka. Katika wilaya ya Tarime, mwaka 1985, baada ya ukame, watu walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu kwa kudumu, uliohusishwa na ulaji wa muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha. Kwa hiyo kila anayesambaza mbegu ya muhogo mchungu kwa hoja ya ukame anapaswa kuuliza kwanza maji ya kulowekea yatatoka wapi.

Ushauri wangu wa kwanza kwa wakulima hauhitaji fedha. Wengi huchagua mashina ya mbegu mvua zinapokaribia, wakati muhogo umeshapukutisha majani mengi kwa kiangazi, na majani ndiyo yanayoonyesha michirizi na batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo. Uchaguzi ufanyike Aprili, majani yakiwa bado yapo: batobato itafutwe kwenye majani machanga ya juu, michirizi kwenye yale ya chini yaliyokomaa, na mashina yasiyo na dalili yafungwe kamba ya mgomba kama alama. Wakati wa kuvuna, mizizi ya mashina hayohayo ipasuliwe, na lolote lenye doa la kahawia ndani liondolewe kwenye mbegu hata kama majani yake yalipendeza. Mashina yatakayosubiri mvua yasimamishwe kivulini, shina chini na ncha juu, sehemu ya chini ikiwa imefukiwa kidogo kwenye udongo wenye unyevu, na yasikatwe pingili mpaka ardhi ya shamba iwe imelowa sawasawa.