Asidi ya glikoliki: yanayosemwa dukani na ukweli wake

Nafanya kazi duka la dawa, na siku hizi hakuna kipodozi ninachoulizwa kama asidi ya glikoliki. Wateja wako makundi mawili. Kuna wanaoikimbia kwa sababu ya neno "asidi", na kuna wanaojipaka asubuhi na jioni kama maji ya waridi. Kundi la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, maana madoa wanayorudi nayo mara nyingi ni meusi kuliko yale waliyotaka kuyaondoa. Basi niyapitie ninayoyasikia.

"Asidi ni asidi, itaniunguza kama ya betri."

Asidi ya betri ni salfuriki, tena ni kali kupita kiasi. Siki nayo ni asidi, ukwaju una asidi, mtindi una asidi. Glikoliki ina nguvu kuliko asidi iliyomo kwenye siki, lakini haikaribii ile ya betri. Ikiwa kavu ni chenga nyeupe zisizo na harufu, ambazo huyeyuka upesi kwenye maji. Katika kundi lake, linaloitwa AHA, ndiyo yenye molekuli ndogo kuliko zote: kaboni mbili tu. Kwa udogo huo hupenya tabaka la juu la ngozi kwa urahisi kuliko ndugu zake, kama asidi ya laktiki ya kwenye mtindi.

Hata hivyo anayeiogopa hajakosea kabisa. Kiwandani, asidi hii hii ikiwa kali hutumika kuondoa kutu na ukoko, na kusindika ngozi za wanyama. Hospitalini nako imo kwa sura nyingine: molekuli zake zikiunganishwa mnyororo mrefu hutoa nyuzi za kushonea vidonda, zile zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Kwa hiyo jina peke yake halikwambii kama chupa uliyoshika ni salama. Zinazokwambia ni namba, na nitazifikia.

"Inatoka kwenye muwa, kwa hiyo ni ya asili na haina madhara."

Kweli imo kwenye muwa, na kwenye nanasi na zabibu mbichi pia. Lakini inayouzwa kwenye chupa kwa kawaida hutengenezwa kiwandani, kwa mfano kutokana na fomaldihaidi na kaboni monoksaidi. Usishtuke. Molekuli inayopatikana ni ile ile, na ngozi haijui ilikotoka. Maneno "ya asili" kwenye lebo hayaongezi usalama wala hayaupunguzi.

Wanaoliamini sana neno hilo ndio huishia kujipaka maji ya ndimu usoni na kwapani, wakisema yanafanya kazi ile ile bila kemikali. Nawasihi waache. Maji ya ndimu yana pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, ukali unapanda) ya karibu 2, makali kuliko losheni ya AHA iliyotengenezwa vizuri, na yana balaa jingine ndani yake: kemikali ziitwazo furokumarini, ambazo zikiwa juu ya ngozi kisha zikapigwa na jua, huibabua. Malengelenge huja baada ya siku moja au mbili, na weusi unaobaki huchukua wiki, hata miezi, kufutika. Ukiutazama vizuri utaona umefuata njia ya maji yenyewe: mchirizi kutoka kiganjani kwenda kwenye kiwiko, au matone matone juu ya shavu.

"Inamfanya mtu awe mweupe."

Juu kabisa ya ngozi pana seli zilizokufa, zimeshikana kwa safu. Glikoliki hulegeza kinachozishikanisha, zikapukutika mapema kuliko kawaida. Uso ulio chini yake ni laini na unaakisi mwanga vizuri zaidi, na huo ndio mng'ao watu wanaoutafuta. Madoa ya chunusi yaliyo juu juu hupungua taratibu, kwa wiki kadhaa. Rangi uliyozaliwa nayo inabaki. Daktari wa ngozi Eugene Van Scott na mwenzake Ruey Yu, walipoandika kuhusu asidi za kundi hili huko Marekani mwaka 1974, walikuwa wakiwatafutia nafuu wagonjwa wa ikthiosisi, watu ambao ngozi yao hujaa magamba makavu. Habari ya weupe haikuwamo.

Sasa, ukinunua chupa iliyoandikwa glikoliki, ukajipaka, na ndani ya wiki mbili mwili mzima ukaanza kubadilika rangi, amini kwamba humo ndani mna kitu kingine. Huenda ni haidrokwinoni, huenda ni zebaki, huenda ni steroidi kali kama klobetasoli. Hivyo ndivyo vitu vya mkorogo. Zebaki huharibu figo. Steroidi kali ikitumika miezi mingi hudhoofisha ngozi mpaka inapata michirizi na kuchanika kirahisi. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa kabisa vipodozi vyenye zebaki, na bado vinauzwa. Asidi ikichanganywa humo huongeza hatari, kwa kuwa inalegeza lile tabaka ambalo lingezuia sumu kupenya. Chupa isiyo na orodha ya vilivyomo, isiyotaja mtengenezaji wala tarehe ya kuisha, iache pale pale mezani kwa muuzaji.

"Ikichoma ndiyo inafanya kazi, na asilimia kubwa ndiyo bora."

Hii ndiyo dhana inayoumiza watu wengi, kwa hiyo nivumilieni.

Asilimia peke yake haisemi ukali. Glikoliki hufanya kazi kwenye ngozi ikiwa huru, yaani haijageuzwa kuwa chumvi yake, na kiasi kilicho huru hutegemea pH. Chukua chupa mbili, zote zimeandikwa asilimia 10. Yenye pH ya 3.8 ina nusu tu ya asidi ikiwa huru. Yenye pH ya 3 ina karibu tisa ya kila kumi. Ikipandishwa hadi pH 5, iliyobaki huru haifiki hata moja ya kumi. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia losheni ya asilimia 10 mwaka mzima kwa raha, akahamia chupa nyingine ya namba ile ile akababuka. Mtengenezaji anayejali huandika pH kwenye lebo au kwenye tovuti yake.

Jopo la wataalamu wanaopima usalama wa vipodozi Marekani liliweka mipaka miwili mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa matumizi ya nyumbani isizidi asilimia 10, na pH isishuke chini ya 3.5. Saluni isizidi asilimia 30, pH isiwe chini ya 3, ikae muda mfupi kisha ioshwe. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya ilikuwa kali zaidi: asilimia 4, pH 3.8 au zaidi. Mimi humwambia anayeanza achague iliyo chini, apake usiku mmoja au miwili kwa wiki, na kwanza aijaribu sehemu ndogo ya ndani ya mkono.

Halafu kuna chupa za asilimia 50 na 70 zinazoagizwa mtandaoni kwa ajili ya kubandua ngozi nyumbani. Hizo ni za daktari. Yeye huipaka akitazama saa, kwa dakika chache tu, kisha huizima kwa maji yenye bikaboneti ya sodiamu, kwa sababu glikoliki haijizimi yenyewe. Wakati wote anatazama pembe za pua, kona za mdomo na chini ya macho, mahali ambapo majimaji hujikusanya. Pakianza kuwa na weupe wa kijivu kama barafu, asidi imezama kupita ilipotakiwa na lazima izimwe papo hapo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaotangulia hauonekani vizuri, kwa hiyo mtu aliye peke yake mbele ya kioo anakosa onyo la kwanza. Na ngozi yetu ikijeruhiwa hujibu kwa kuzalisha rangi zaidi: unabaki na doa jeusi pale ulipotaka kung'aa. Mwaka 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo rasmi dhidi ya kununua bidhaa hizi na kujitibu bila msimamizi.

Mchonyoto mdogo wa dakika moja ni wa kawaida. Maumivu yanayoendelea ni jeraha. Osha kwa maji mengi, acha kila kitu kwa siku kadhaa, paka vaselini.

"Ngozi nyeusi haihitaji kinga ya jua, tena mimi napaka usiku."

FDA iliwapaka watu wa kujitolea glikoliki ya asilimia 10, pH 3.5, kwa wiki nne. Wepesi wa ngozi yao kubabuka kwa mionzi ya jua ulipanda kwa asilimia 18, na madhara kwenye seli yaliongezeka karibu mara mbili. Wiki moja baada ya kuacha, hali ilirudi kawaida. Kwa hiyo kupaka usiku hakukuokoi na jua la kesho yake. Dar es Salaam au Mombasa, jua la saa sita mara nyingi huvuka kipimo cha mionzi ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha kupindukia, yaani 11. Losheni ya kukinga jua yenye SPF 30, kofia au mtandio: bila hivyo ni afadhali usianze. Ndugu zetu wenye ualbino wasiiguse bila ushauri wa daktari wa ngozi.

Kuna wanaokwenda mbali na kusema inaleta saratani. Utafiti wa serikali ya Marekani uliowapaka panya asidi hii kisha kuwaanika kwenye mwanga mfano wa jua haukuona ongezeko la uvimbe wa saratani.

Hayo mengine ni mafupi. Haifanyi ngozi iwe nyembamba moja kwa moja: waliotumia losheni za AHA za asilimia 25 kwa miezi sita, katika utafiti wa mwaka 1996, ngozi ya mikono yao ilinenepa. Mama mjamzito hakatazwi ya kiwango cha chini ya kupaka. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kinaiweka kati ya zinazokubalika kwa chunusi, ila amwambie mkunga au daktari wake. Kwapani haizuii jasho, hata kama harufu hupungua kwa baadhi ya watu, na usiipake siku uliyonyoa.

Kuna pia wanaodhani kwamba kwa kuwa ni kipodozi, mtoto akinywa si kitu. Dawa ya rejeta ya gari, ile yenye ethilini glaikoli, huua kwa kuwa mwili huigeuza kuwa asidi ya glikoliki, damu ikawa na asidi kupita kiasi, kisha figo zikaharibika. Weka chupa juu, mbali na watoto. Ikimezwa, usimtapishe, mkimbize hospitali. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na uende na chupa yenyewe ili daktari asome kilichomo.